Rehani ya Nyumba ya Wote

Katika nchi yetu mume hawezi kuiweka rehani nyumba ya ndoa pasipo idhini ya mkewe, wala mke pasipo idhini ya mumewe. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Haikutungwa hivyo kwa kuwa kukopa ni dhambi. Ilitungwa kwa kuwa deni likishindikana, watakaotolewa nje ni jamaa nzima, hata wale ambao hawakuiona karatasi yenyewe. Basi twauliza: je, haki hiyo yakoma kizingitini, au yaipasa pia nyumba ya taifa?

Twauliza kwa ajili ya kiwanja cha ndege cha Jomo Kenyatta, huko Embakasi. Hakuna mwenye busara atakayekana kwamba chahitaji kupanuliwa. Kina njia moja tu ya kurukia na kutua. Mwezi wa Agosti 2013 moto uliteketeza jengo la kupokelea wageni watokao nchi za nje. Maua na mboga zetu huuzwa Ulaya kwa kupitia hapo, na watu wengi ambao hawajapanda ndege kamwe hupata riziki yao kwa njia hiyo. Kukipanua ni jambo jema.

Lakini majengo ya namna hii hulipiwa kwa fedha ambazo bado hazijapatikana, yaani ada za abiria na za ndege za miaka mingi ijayo. Nani aijuaye miaka hiyo? Machi 2020 Kenya ilizifunga safari za abiria wa nchi za nje kwa sababu ya ugonjwa wa korona, isizifungue mpaka Agosti. Abiria walikoma, lakini riba haijui ugonjwa. Hasara ya namna hiyo yaweza kuja tena, nayo ikija itamwangukia mtu. Serikali ikiudhamini mkopo, humwangukia mlipa kodi. Kampuni ikijenga kwa fedha zake na kuachiwa ada, hasara yaweza kuwa ya kampuni, au ya msafiri atakayetozwa zaidi, au ya mlipa kodi tena, ikiwa serikali imeahidi kufidia. Yote hayo huamuliwa na maneno ya mkataba.

Tutazame kwa jirani. Mwaka 2015 Uganda ilikopa dola milioni 200 kwa Benki ya Exim ya China, ili kukipanua kiwanja cha Entebbe. Mwaka 2021 Waziri wa Fedha aliomba radhi Bungeni kwa jinsi mkopo huo ulivyoshughulikiwa. Mkataba ulipochapishwa mwaka 2022, ilionekana kwamba kiwanja chenyewe hakikuwekwa rehani, kama wengi walivyohofu. Lakini mapato yake yalifungwa, yalipe deni kwanza kabla ya mengine. Hofu ya wananchi ilikosea kidogo, nayo ilikosea kwa sababu walinyimwa kusoma.

Kwetu, mwaka 2024, kampuni ya Adani ya India iliomba kukipanua kiwanja cha Embakasi kwa dola bilioni 1.85 na kukiendesha kwa miaka 30. Wananchi walizipata habari hizo Julai, kwa nyaraka zilizovuja. Septemba Mahakama Kuu iliusimamisha mpango, na wafanyakazi wakagoma. Tarehe 21 Novemba Rais aliufuta, siku moja baada ya kutangazwa huko Marekani mashtaka ya rushwa juu ya mwenye kampuni, ambayo kampuni iliyakana. Wengi walishangilia. Sisi hatukuona sababu ya kushangilia, maana mpango ulivunjika kwa kesi ya ugenini, na swali letu likabaki pasipo jibu.

Wako wasemao kwamba siri ni desturi ya biashara. Ni kweli kwa mtu atumiaye fedha zake mwenyewe. Lakini mtawala ni msimamizi tu, na msimamizi hana siri mbele ya mwenye mali. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 201, yataka uwazi katika fedha za umma, tena yataka mizigo na faida za mikopo zigawanywe kwa haki kati ya kizazi hiki na vizazi vijavyo. Mtoto abatizwaye Jumapili hii atakuwa mtu mzima kabla mkataba wa miaka 30 haujakwisha. Nani aliyemwakilisha?

Bwana wetu alifundisha habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba yampasa kwanza kuketi na kuhesabu gharama. Mtu huyo alikuwa akijenga kwa mali yake. Ajengaye kwa mali ya wote yampasa kuhesabu pamoja nao. Kwa hiyo, wazazi Wakristo, mpango mwingine utakapoletwa, msiukatae kwa sababu tu umetoka ugenini, wala msiukubali kwa sababu picha zake zapendeza. Mwulizeni mbunge wenu maneno mawili: je, ameusoma mkataba wote, na abiria wasipokuja, ni nani atakayelipa? Akishindwa kujibu, asiupigie kura.