Nani Aliyekiinua Chombo?

Mwaka 1928, katika Inverloch, mji mdogo wa pwani ya Victoria huko Australia, Len Morris aliunda mashua ya tanga yenye urefu wa futi 11 akaiita Olive, na kwayo likaasisiwa kundi la vyombo liitwalo Moth, ambalo kanuni zake ni chache kiasi cha kumwachia kila fundi hiari ya kujaribu alitakalo katika banda la nyumbani kwake. Hiari hiyo ndiyo iliyowafikisha mafundi wa Perth, miongoni mwao John Ilett, mwanzoni mwa karne hii, kukitia chombo mabawa mawili chini ya maji, moja likishikwa na ubao wa kati na la pili likishikwa na usukani, hata upepo ukitosha kiwiliwili chote kikatoka majini. Na mwaka 2005 Rohan Veal akatwaa ubingwa wa dunia juu ya chombo cha namna hiyo.

Amali ya mabawa hayo haina siri. Maji ni mazito kuliko hewa kwa kadiri ya mara 800, basi bawa dogo hutosha kumbeba mtu na chombo chake; na kasi ikizidi mara mbili, nguvu ya kuinua huzidi mara nne. Hapo ndipo taabu ilipo, kwa kuwa chombo kiendacho mbio kingepanda hata bawa lifike usoni pa maji, livute hewa, nguvu yake ipotee ghafula, na baharia atupwe mbele ya tanga lake. Kwa hiyo omoni huning'inizwa fimbo nyembamba inayoburura juu ya maji: chombo kipandapo, fimbo huteremka, na kwa vyuma vilivyoiunganisha na ukingo wa nyuma wa bawa huipunguza nguvu; chombo kishukapo, huiongeza. Fundi wa nyumbani, aliyekwisha kula vumbi la msasa na harufu ya gundi miezi mingi, aghalabu hulifahamu jambo hili vizuri siku ya kwanza ya safari, akiwa ndani ya maji.

Sasa swali: ni nani hasa anayekiinua chombo? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikana ya kwamba moto huiunguza pamba kwa ulazima. Alisema kuungua huumbwa na Mwenyezi Mungu panapo moto, kwa ada aliyoijaalia, na akitaka huizuia. Ibn Rushd wa Andalusi akamjibu kwamba anayekana sababu ameikana akili yenyewe. Mimi huona hoja hizi mbili zikipimwa vizuri zaidi pale ufukoni kuliko katika vitabu, maana sijapata kusikia fundi aliyetupwa majini akasema kwamba ada imevunjika. Hukivuta chombo nchi kavu, akapima pembe ya bawa, akakaza fimbo, akatafuta ufa. Katika kuanguka, kila fundi ni mfuasi wa Ibn Rushd.

Lakini mtazame siku chombo kinapopaa. Kelele za maji zikanyamaza, mashua ikaenda juu ya vijiti viwili, naye akapaza sauti: nimeruka! Zile sababu alizozihesabu moja moja alipoanguka, upepo, uzito wa maji, pembe, hata ile fimbo inayofanya kazi pasi na mkono wake, zote amezisahau, akabaki yeye. Hili, kwa maoni yangu, ni kosa la insafu kabla ya kuwa kosa la dini. Kwani hesabu iliyokubaliwa katika hasara haina budi kukubaliwa katika faida. Baadhi ya watu watasema kwamba furaha ya fundi si itikadi, na kwamba namwonea. Huenda, lakini mtu huyajua mafundisho ya moyo wake kwa neno linalomtoka kabla hajafikiri.

Ghazali hakumzuia mtu kupima wala kupiga msasa, kwa kuwa aliitambua ada na akatuacha tuitegemee. Alichokataa ni sababu kukalishwa katika kiti cha Msababishaji, na fundi anayesema nimeruka amekikalia kiti hicho yeye mwenyewe. Ujenzi ni wake, na sifa ya ujenzi apewe yote. Kuinuliwa si kwake.