Kujua ni Amana

Katika mji wa Iringa liko jiwe kubwa liitwalo Gangilonga, na maana ya jina hilo kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Masimulizi ya wenyeji yanaeleza kuwa Mtwa Mkwawa alikuwa akienda hapo kutafakari, na kwamba jiwe lilimpa habari za adui aliyekuwa njiani. Habari zilifika, lakini ngome ya Kalenga ilianguka mbele ya mizinga ya Wajerumani mwezi wa Oktoba 1894. Asikiaye hadithi hiyo hana budi kujiuliza: onyo lina thamani gani kwa mtu asiyekuwa na uwezo wa kulitumia? Na akiwa nao uwezo, kisha asilitumie, hukumu yake ni ipi?

Swali hilo la zamani limerudi katika Nyanda za Juu Kusini kwa sura mpya. Mbeya na Iringa leo zina mawe mengi yanayosema: setilaiti inayopiga picha za mapaa kutoka angani, mita ya umeme, simu iliyomo mfukoni mwa muuza nyanya. Na miji yenyewe inakua. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 385,279 katika Jiji la Mbeya; ile ya mwaka 2022 ikawakuta 541,603. Manispaa ya Iringa, katika muda huo huo, ilitoka watu 151,345 hadi 202,490. Wote hao wanataka maji, nishati ya kupikia, kiwanja cha kujenga na mahali pa kutupa taka, ilhali milima na chemchemi ni zile zile walizozikuta wazee wao. Mji wa namna hiyo hauwezi kuendelea bila ya kujiharibu mpaka kwanza ujijue.

Katika kujijua huko hatua kubwa imepigwa. Mbeya, iliyokua kwa dhahabu ya Lupa na kupewa hadhi ya jiji mwaka 2005, iliingizwa katika Mradi wa Miji Mkakati ulioanza mwaka 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ndani ya mradi huo majengo yaliingizwa katika ramani za kompyuta na kuunganishwa na kumbukumbu za mapato. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya mwezi wa Agosti, operesheni ya anwani za makazi ilipita nchi nzima, na nyumba ambazo hazikuwahi kuwa na barua wala barabara zikapata namba. Ada na bili za serikali sasa hulipwa kwa simu, kwa namba ya malipo. Mtu wa Uyole hana tena haja ya kupanda daladala hadi katikati ya jiji ili alipe bili ya maji. Safari aliyoiacha ni mafuta ambayo hayakuchomwa. Faida hizi ni za kweli, na azibezaye hakuwahi kupanga foleni.

Hata hivyo, chombo huona kile tu kilichotengenezwa kukiona. Kuanzia mwezi wa Agosti 2021, kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia mita za umeme za LUKU: shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, kiwango kilichopandishwa hadi 1,500 mwaka 2023. Kwa hesabu za ukusanyaji, njia hiyo ni nyepesi na haina gharama kubwa. Lakini mita haimjui mwenye nyumba. Humjua anunuaye umeme. Mpangaji wa chumba kimoja akajikuta analipa kodi ya jengo lisilo lake, akaambiwa aelewane na mwenye nyumba wake. Mashine haikukosea, kwani ilifanya sawasawa kama ilivyoagizwa. Upungufu ulikuwa katika agizo, ambalo lilitazama mahali pesa inapopita likaacha kutazama nani anayebeba mzigo. Hapo ndipo panapoanza suala la maadili: kujua kunakotafutwa kwa ajili ya kuchukua peke yake huwa ni kujua nusu.

Nusu ya pili ilijidhihirisha Mbeya mwezi wa Aprili 2024. Baada ya mvua nyingi, mlima Kawetere uliporomosha tope katika kata ya Itezi, likafunika nyumba na majengo ya shule. Miaka miwili tu nyuma yake, operesheni ya anwani ilikuwa imepita nchini ikizipa nyumba namba. Namba humwonesha mpeleka barua pa kupita. Haisemi kwamba mteremko ulio nyuma ya nyumba umelowa. Lakini picha zile zile za anga zinazohesabu mapaa zaweza kupima mwinuko wa ardhi, na simu ile ile inayopokea ankara yaweza kupokea onyo la mvua. Chombo ni kimoja. Kinachotofautisha ni swali aliloulizwa.

Mtu mwenye busara aweza kupinga hapa. Atasema kuwa kujua si kuweza. Kwamba halmashauri yenye bajeti finyu haiwezi kuwahamisha watu wote wa miteremkoni, na kuilaumu kwa kila ilichokiona katika ramani ni kuifundisha isitazame kabisa. Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa. Lakini inathibitisha kidogo kuliko inavyodai. Asiyeweza kumhamisha mtu aweza kumwambia. Asiyeweza kujenga ukuta aweza kukataa kupima kiwanja kipya mahali pale pale. Wajibu hupungua kwa kadiri ya uwezo. Haufutiki kwa sababu uwezo haukutimia.

Mila na dini za pwani zina neno linalofaa kwa jambo hili, nalo ni amana. Aliyewekewa amana si mwenye mali. Ameishika kwa niaba ya mwingine, na ataulizwa. Habari za nyumba ya mtu, matumizi yake ya maji na njia anazopita ni zake, ziwe zimehifadhiwa katika kompyuta ya halmashauri au ya kampuni. Mlinzi afunguaye sanduku siku ya kutoza tu, na siku ya hatari akasema hana ufunguo, amekwisha kuivunja amana hata kama hakuiba chochote.

Lakini mizani hii haiwapimi watawala peke yao. Mwananchi naye hupenda kudhani kuwa mambo ya simu ni ya hewani, hayana uzito juu ya ardhi. Mto Ruaha Mkuu, ambao maji yake huanzia katika milima inayozunguka bonde la Usangu, hukauka kwa sehemu ya mwaka ndani ya Hifadhi ya Ruaha tangu miaka ya 1990, hasa kwa sababu ya maji kuchepushwa huko juu. Ruaha Mdogo, upitao Iringa, humwaga maji yake humo humo. Ni mto huo uendeshao mitambo ya Mtera na Kidatu, na uliopungua hata nchi ikaingia katika mgao mkali wa umeme mwaka 2006. Kwa hiyo anayechaji simu Kihesa na anayefungua mfereji wa mpunga Usangu wamefungamana, wajue wasijue. Vivyo hivyo, simu iagizayo gunia la mkaa hadi mlangoni humpunguzia mnunuzi hatua, na humwondolea pia nafasi ya kuuona msitu ulikotoka. Wepesi wa namna hii ni wa kuogopwa, kwani humfanya mtu ashiriki katika uharibifu bila ya kuukuta njiani.

Kinyume chake yuko fundi simu wa Mwanjelwa, na bisibisi yake, ambaye hubadilisha kioo na betri ili simu iishi miaka mingine miwili. Hajaandikwa katika mkakati wowote wa maendeleo endelevu, lakini kazi yake ndiyo endelevu. Yuko pia bibi wa mtaani akumbukaye mahali chemchemi ilipokuwa kabla ya nyumba kujengwa juu yake. Ujuzi wake haumo katika ramani, na mpimaji aliyepita na kifaa chake hakumwuliza. Mji ukusanyao habari kutoka angani ukaacha za vibarazani utakuwa na picha safi ya mahali usipopafahamu.

Basi mji wa kisasa haupimwi kwa wingi wa mambo unayoyajua. Upimwe kwa muda unaopita kati ya kujua na kutenda, na kwa nani anayeambiwa kwanza. Ikiwa ankara humfikia mtu wa Itezi kwa dakika moja, haki yake ni kwamba onyo la mlima nalo limfikie kwa dakika hiyo hiyo. Mpaka hapo itakapokuwa hivyo, deni liko upande wa mwenye kujua.