Picha Ukutani na Dhima ya Mwalimu

Wahenga walisema macho hayana pazia. Ndiyo sababu vielelezo vina nguvu darasani, na ndiyo sababu vina hatari. Neno la mwalimu hupimwa kwa swali, lakini picha iliyotundikwa ukutani huaminiwa kabla haijaulizwa chochote. Je, mwalimu huwajibika kwa jambo ambalo hakulitamka, bali alilitundika tu?

Tuchukue mfano wa ramani ya dunia. Mwaka 1569 Gerardus Mercator alichora yake kwa ajili ya mabaharia, ili safari inayofuata uelekeo mmoja wa dira iwe mstari ulionyooka. Kwa kazi hiyo inafaa sana. Gharama yake ni ukubwa wa nchi: kadiri nchi ilivyo mbali na ikweta, ndivyo inavyotanuliwa. Greenland, yenye kilomita za mraba zipatazo milioni 2.1, huonekana kukaribia kuwa sawa na Afrika, yenye takriban milioni 30. Ramani ya mtindo huo ilipotoka chomboni ikaingia darasani, wanafunzi wengi, wakiwemo wa Afrika yenyewe, walijifunza udogo wa bara hili bila mwalimu kuutaja.

Mercator hakudanganya. Upotoshaji ulizaliwa pale chombo kilipobadilishiwa kazi, na aliyekibadilisha akanyamaza.

Wapo wanaoona kwamba tiba ni kubadilisha picha. Mwaka 2017 shule za umma za Boston, Marekani, zilianza kutumia ramani ya Peters, inayolinda uwiano wa ukubwa. Ni hatua njema. Hata hivyo, ramani hiyo nayo hupotosha maumbo, na mwanafunzi aliyezoea kuuamini ukuta atauamini vivyo hivyo ukishabadilishwa.

Itasemwa kuwa mtoto mdogo hapaswi kutwishwa shaka. Basi apewe chungwa. Achore bara juu ya ganda, alimenye, kisha ajaribu kulilaza bapa mezani. Ganda litapasuka. Atakuwa amejionea mwenyewe kwamba hakuna ramani bapa isiyopoteza kitu, na hakuna atakayekuwa amemtisha.

Kwa hiyo, kuonyesha ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kueleza picha ilichorwa kwa kazi gani, na nini kiliachwa ili iweze kuchorwa. Mwalimu anayenyamazia hayo amefundisha pia, ila hajui alichofundisha.