Sadaka Yenye Jina

Hospitali ya Hôtel-Dieu mjini Beaune, Ufaransa, iliasisiwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin, kansela wa mtawala wa Burgundy, pamoja na mkewe Guigone de Salins, wakati vita na njaa vilikuwa vimewaacha watu wengi hohehahe. Mgonjwa wa kwanza alipokewa tarehe 1 Januari 1452. Hospitali ilihama mwaka 1971. Leo ni makumbusho, na familia hupita na watoto katika Ukumbi wa Maskini, wenye urefu wa karibu mita 50, kati ya safu mbili za vitanda. Herufi za majina ya waasisi zimo hata kwenye vigae vya sakafu. Mtoto akiuliza ni nani walilala hapa, jibu ni neno moja: maskini.

Sadaka ni kumpa mhitaji. Maana hiyo inatosha. Kinachobishaniwa ni kumbukumbu yake ni haki ya nani.

Wapo wanaopinga kuwakumbuka wagonjwa kwa majina, wakisema ni mengi mno, au kwamba mgonjwa ana haki ya kusitiriwa. Wana hoja.

Isiyovumilika ni kauli kwamba bila Rolin pasingekuwa na kitanda, basi aliyelala humo anadaiwa shukrani tu. Mali yenyewe ilitoka wapi? Sehemu ya wakfu ilikuwa mapato ya chumvi ya mji wa Salins, na chumvi ile ilichemshwa na vibarua, si na kansela. Kitanda nacho hakiuguzi. Masista ndio waliokesha, wakaosha vidonda na kulisha wasiojiweza. Zaidi ya yote, katika hati ya kuasisi hospitali Rolin mwenyewe alieleza kwamba anabadilisha mali ya dunia kwa mali ya mbinguni. Hayo ni mapatano, na mapatano yana pande mbili. Maskini ndiye aliyemwezesha tajiri kupata alichokitafuta. Kumwita mpokeaji mtupu ni kumdhulumu mshirika.

Picha ya Siku ya Hukumu, aliyoichora Rogier van der Weyden kwa ajili ya kanisa lililo mwishoni mwa ukumbi huo, inastahili kutazamwa kwa utulivu. Siku za kawaida mbao zake zilifungwa, na upande wa nje walionekana wafadhili wamepiga magoti. Jumapili na sikukuu zilifunguliwa: malaika Mikaeli anapima roho, na wafu wanafufuka uchi, asitambulike tajiri wala fukara. Karne ya 19 miili hiyo ilivikwa mavazi ya rangi, ambayo baadaye yaliondolewa. Usawa ule uliwatia watu haya.

Hata hivyo, kufuta majina ya wafadhili si jambo jepesi. Tangu mwaka 1859 mvinyo wa mashamba yaliyotolewa wakfu huuzwa kwa mnada, na mapipa hupewa majina ya wafadhili, Rolin na Guigone wakiwemo. Majina hayo huvutia wanunuzi, na fedha zao hugharimia matibabu ya wagonjwa wa leo.