Alitambuliwa kwa sauti

Somo: Yohana 20:11-16



Mariamu Magdalene alisimama kaburini akilia. Yesu alikuwa mbele yake, lakini yeye alidhani ni mtunza bustani. Macho hayakumsaidia. Alipoitwa kwa jina lake, hapo ndipo akajua ni nani anayesema naye.

Somo hili hunirudisha mwaka 2020. Hapa Uganda makanisa yalifungwa mwezi wa Machi, na mwezi wa Mei serikali ikaagiza watu wavae barakoa. Mafundi wetu wa cherehani walizishona kwa vipande vya vitenge. Sizilaumu. Aliyefunika mdomo alimlinda jirani yake, na huo ni upendo.

Lakini sisi Wakongomani salamu yetu ni ndefu: mkono, habari za watoto, za shamba, za waliobaki nyumbani. Ghafla tukawa watu wa kutikisa kichwa tu. Pale bombani hukujua kama mwenzako anacheka au amekasirika. (Wenye madeni, tuseme kweli, walifurahi: walipita mbele ya duka bila kujulikana!) Wazee wenye masikio mazito ndio walioteseka zaidi, maana walizoea kutufahamu kwa kuangalia midomo. Mama mmoja aliniambia, "Mchungaji, tangu vitambaa hivi vije, watu wote wamenyamaza."

Nami nina kosa langu. Mwaka ule ule mgao wa chakula ulipunguzwa kwa asilimia 30, na siku ya kugawiwa tulisimama mbalimbali. Nikampita mjane mmoja wa kanisa letu, barakoa imefika chini ya macho. Sikumtambua. Yeye alinitambua. Wiki ile alikuwa amepata habari kwamba kaka yake amefariki huko Kivu, wala hakuweza kwenda kuzika. Alinitazama akingoja neno la pole. Nilipopata habari, wiki mbili zilikuwa zimepita. Nilikwenda kwake kuomba msamaha, akasema, "Nilidhani hata wewe unanikwepa." Alinisamehe. Lakini siku zile zote alilia peke yake.

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya Korona imekwisha. Barakoa tumezivua, ila kunyamaza kumebaki. Wageni waliokimbia vita Masisi na Rutshuru wanakaa benchi la nyuma Jumapili tatu bila kuulizwa jina. Na mwenye kikohozi akivaa barakoa leo kwa ajili yetu, tunamsogelea mbali kama mwenye ukoma. Ndugu zangu, je, huyo si ndiye anayetupenda?

Jumapili hii baada ya ibada nitasimama mlangoni. Wageni, mtaje majina yenu polepole. Yule mama mwenye masikio mazito atakaa karibu nami, apate kuona midomo yenu.

Mchungaji wenu