Je, imani inahitaji ujinga wa wanasayansi?

Hivi karibuni nilikuwa natoa darsa baina ya Maghrib na Isha kwa vijana wa mtaani kwetu. Mada ilikuwa maumbile ya mwanadamu kama dalili ya uwezo wa Allah (s.w.). Nilipofika kwenye mishipa ya fahamu nikasema kwa kujiamini: "Chembe ya neva inayoamrisha misuli ya unyayo wako ina mwili wake kwenye uti wa mgongo, na ncha yake iko mguuni, karibu mita moja chini. Protini zinatengenezwa juu, lakini zinafika chini, tena kwenye vile vifuko vinavyozihitaji. Nani anazionyesha njia? Wanasayansi wameshindwa kujibu!" Takbira ikapigwa.

Baada ya Isha, kijana mmoja anayesomea udaktari alinifuata nje. "Ustadhi, samahani," akasema, "lile swali limeshajibiwa kwa sehemu kubwa." Nakiri nilichukia. Hata hivyo tukakaa barazani akanieleza.

Vifuko vyenyewe hubeba kemikali ya kupeleka habari kutoka neva hadi kwenye msuli. Kimoja kina upana wa nanomita 40 hivi. Vipange vifuko 25,000 kwa mstari upate milimita moja. Kila kifuko lazima kiwe na protini zake. Sinaptobrevini hukinasisha kwenye utando wa chembe ili kimwage kilichomo. Sinaptotagmini huhisi kalsiamu na kutoa ishara ya kumwaga. Kutoka juu husafirishwa na protini nyingine, KIF1A, inayotembea juu ya vijibomba vyembamba kama kuli mwenye mzigo. Wajapani waliitangaza kazi yake hiyo mwaka 1995.

"Anwani imeandikwa wapi?" nikamuuliza. Akasema hakuna anwani moja. Kifuko kikishamwaga, utando wake huungana na ule wa chembe, na protini zake hubidi ziokotwe upya. AP180 huitambua sinaptobrevini, stonini 2 huitambua sinaptotagmini, kwa umbo tu, kama ufunguo na kufuli. Kumbe hata Nobeli ya tiba ya mwaka 2013 ilitolewa kwa Rothman, Schekman na Südhof kwa kazi ya namna vifuko vya chembe vinavyosafirisha mizigo yake. Na sumu ya pepopunda, ile ambayo mama zetu wajawazito huchanjwa dhidi yake, huikata hiyo hiyo sinaptobrevini katika neva zinazotuliza misuli. Ndiyo maana taya hukaza.

Mzee mmoja wa msikitini aliponisikia najuta akaniambia, "Nia yako ilikuwa njema." Sikubaliani naye. Kijana aliyepiga takbira kwa sababu ya neno "wameshindwa" atakwenda chuo kikuu, atakuta kurasa nzima za majibu, na pale atachagua kati ya mwalimu wake na mimi. Nitakuwa nimemtega mwenyewe. Tena nimekosea hata katika itikadi. Kama dalili ya Allah ni pale tusipojua, basi kila mtafiti anapogundua kitu, anampunguzia Mola sehemu ya ufalme Wake! Nani anasema hivyo kuhusu mvua? Sote tumesoma shuleni jinsi mvuke unavyopanda na kuwa mawingu, na ukame ukija tunatoka kuswali swala ya kuomba mvua.

Darsa lililofuata nilisahihisha maneno yangu mbele ya wale wale. Hakuna aliyepiga takbira. Binti mmoja kutoka upande wa wanawake akaleta swali kwenye kikaratasi: kuna watoto huzaliwa na kasoro katika hiyo KIF1A, miguu yao hukakamaa, wengine akili huchelewa, ustadhi, nao ni dalili ya nini? Nikamwambia kwanza ni watoto, na kwamba kwa jibu lililobaki anipe muda. Kikaratasi bado kipo kwenye mfuko wa kanzu yangu.