CHUMBA CHA MAMA MSHUNAMI



Kasisi wetu ametuomba sisi wenye nyumba zisizokaliwa tuandikishe majina, ili watu wakikimbia makwao tena, wapate mahali. Nimesoma tena 2 Wafalme, mlango wa 4, habari za yule mama wa Shunemu aliyempokea Elisha. Kwanza alizungumza na mumewe. Kisha akahesabu vitu: kitanda, meza, kiti na taa. Alijua mgeni atalala wapi, na usiku atamulikiwa na nini.

Mwaka 2008, baada ya fujo za uchaguzi zilizoua zaidi ya watu 1,100 nchini Kenya, Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema ya wakimbizi wa ndani. Mimi nilikuwa na nyumba Kinangop, ambayo tulikuwa tukiifungua Krismasi tu. Januari na Februari ilikaa kimya huku nikijiuliza: Nani atalipa maji? Na wakikataa kutoka? Majirani watasemaje? Maswali hayo si dhambi, ndugu zangu. Kosa langu lilikuwa kumwuliza kila mtu isipokuwa mke wangu na wageni wenyewe.

Mwezi Machi nikampa mama mmoja na watoto wake 4. Nilimwachia jikoni na vyumba 2, nikafunga sebule yenye viti vizuri. Blanketi sikuzifikiria, na baridi ya Kinangop mnaijua. Kuhusu muda nilisema, "Kaeni tu, Mama, tutaona." Niliuona huo kuwa ukarimu. Lakini mtu asiyejua siku yake ya kuondoka atapandaje viazi? Atamwandikishaje mtoto shule? Waingereza waliokubali kuwapokea Waukraine majumbani mwao mwaka 2022 waliombwa na serikali yao waahidi angalau miezi 6. Mimi sikuahidi hata mmoja.

Mei serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani, lakini mama yule hakuthubutu kurudi alikochomewa nyumba. Akabaki. Desemba kijana wangu akampigia jirani simu, aangalie kama paa ni zima, kwa maana tunakuja sikukuu.

Tulipofika, sakafu ilikuwa imeoshwa na ufunguo uko kwa jirani. Walikuwa wameondoka siku 3 kabla, na jirani hakujua waendako. Sebule ilikuwa imefungwa vile vile nilivyoiacha.

Mke wangu akaketi kwenye kiti kimojawapo.

"Mwalimu, uliwaambia waondoke?"

"La, sikuwaambia."

"Uliwaambia wakae?"

Sikuwa na jibu. Krismasi ile tulikula kimya.

Jumapili iliyopita nimempa mzee wa kanisa karatasi yangu. Chini ya jina nimeandika: miezi 6, vyumba vyote, blanketi 5, maji nitalipa mimi. Desemba sisi tutakaa huku huku. Mke wangu aliisoma kwanza, akaongeza kwa kalamu yake: taa.